Begi la Redio au la Barakoa ya Gesi? Kutambua Mabegi ya Zamani ya Redio za Jeshi

Begi la zamani likikufikia mkononi, usilifue. Usilipige brashi, usilitie sabuni, usilianike juani, hata kama limejaa vumbi la Kongwa kiasi kwamba rangi yake haijulikani. Vumbi litatoka siku yoyote utakayotaka. Wino ukishatoka, haurudi.

Nasema hivi kwa uchungu. Begi langu la kwanza nililinunua Jumamosi moja kwenye mnada wa Msalato, hapa Dodoma, kwa mzee aliyekuwa akilitumia kuwekea nyundo na misumari. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza limetoka wapi. "La marehemu baba, mwanangu. La redio ya Keya," akanijibu, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Nikalipa, nikalipeleka nyumbani, nikaliloweka usiku kucha kwenye beseni la maji ya sabuni ya unga. Asubuhi maji yalikuwa meusi. Chini ya mfuniko, mahali nilipokuwa nimeona mistari mitatu ya wino bila kuisoma, palibaki kivuli tu. Nilibaki na begi safi lisiloweza kunieleza lilibeba nini.

Tangu hapo naanza na macho, naishia na maji, na mara nyingi maji hayafikiwi kabisa. Yafuatayo nimeyapanga kwa kufuata kile unachokiona au kinachokusumbua, kisha sababu zake.

Kabla ya yote: je, ni la JWTZ?

Likiwa na madoadoa ya kijeshi, au alama yoyote ya Jeshi la Wananchi, uchunguzi umekwisha. Hilo si la kukusanya. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia wote wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha, na onyo la namna hiyo si la mara moja. Peleka kituo cha polisi, au anza na mwenyekiti wa mtaa akusindikize. Usijitetee kwamba ni kitu cha kale.

Begi la kaki la Mwingereza la mwaka 1943 ni jambo jingine, lakini hata hilo usilivae begani ukiwa njiani. Likae nyumbani. Na ukikuta redio yenyewe ndani, kumbuka kwamba kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kuiweka kabatini ni tofauti na kuiwasha na kuanza kuita hewani.

Dalili: muuzaji anaapa ni la redio, ila huoni kwa nini

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kila begi la turubai lenye mkanda wa begani huitwa la redio, kwa sababu neno redio linapandisha bei. Mengi ni ya barakoa za gesi, ya risasi, au ya dawa za huduma ya kwanza.

Begi la redio hujitambulisha kwa njia ambayo waya ulipita. Tafuta tundu pembeni au juu, limezungushiwa pete ya shaba ya njano au kipande cha ngozi, mahali ambapo waya wa hedifoni au wa betri ungetokea huku mfuniko umefungwa. Begi la barakoa ya gesi halina haja ya tundu hilo. Kisha tafuta mfuko mrefu mwembamba kama ala ya panga: humo hukaa vipande vya antena. Ndani, angalia kama kuna vigawanyo vyenye vipimo vya kitu cha pembe nne, na kama turubai la chini limechakaa kwenye kona nne. Redio na betri ni masanduku ya chuma. Kona zake husugua turubai mahali palepale kwa miaka, na mchubuko huo ni ushahidi ambao si rahisi kuughushi.

Begi la barakoa ya gesi la Uingereza la Vita Kuu ya Pili lina vifuko vidogo ndani vya kuwekea kikopo cha dawa ya kuzuia kioo kupata ukungu. Ukiviona, umepata jibu. Yale ya Marekani ya kazi hiyo mara nyingi huwa na alama ya vyombo viwili vya maabara vilivyopishana kama msalaba, iliyokuwa alama ya kikosi chao cha silaha za kemikali. Barakoa yenyewe ikiwa bado imo ndani, usiivae wala usipumue kupitia kichujio chake. Vichujio vingi vya wakati ule vina asbesto.

Lipo jingine linalochanganya hata wazoefu: begi la simu ya medani ya jeshi la Marekani, EE-8. Mwanzoni lilikuwa la ngozi, baadaye la turubai, na pembeni lina tundu. Tundu hilo ni la mpini wa kuzungusha, ule wa kupiga kengele upande wa pili, si la waya wa hedifoni. Ni kifaa cha mawasiliano na kina thamani yake, ila ni simu ya waya. Liandike hivyo.

Na kuna mtego wa kinyume chake. Redio ya Uingereza Na. 88 ilibebwa kwenye vifuko viwili, kimoja cha redio na kimoja cha betri, vinavyofanana sana na vifuko vya kawaida vya risasi. Mtu akikuuzia "vifuko vya risasi" viwili vyenye njia ya waya kati yao, usiharakishe kusema si redio.

Dalili: kuna alama kama unyayo wa kuku

Mshale wenye miguu mitatu ndio alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mafundi wa mjini huuita mguu wa kuku, na jina limekaa vizuri. Lakini mshale peke yake hauthibitishi kwamba kitu kimetengenezwa Uingereza. Angalia herufi zilizouzunguka. Ukiwa ndani ya herufi C, ni Kanada. Ukiwa ndani ya U, ni Afrika Kusini. Ukiwa kati ya D mbili ni Australia, na kati ya N na Z ni Nyuzilandi.

U ya Afrika Kusini nataka uijue vizuri kuliko nyingine, maana majeshi yao yalipigana pamoja na Keya dhidi ya Waitaliano huku Afrika Mashariki mwaka 1940 na 1941. Begi la namna hiyo likipatikana Dodoma lina sababu ya kuwapo.

Karibu na mshale huwa kuna jina la kiwanda na mwaka. Waingereza walitaja kitu kwanza, tena kwa wingi, ndipo wakaeleza ni cha nini. Kwa hiyo utasoma SATCHELS, SIGNALS, yaani mikoba, ya mawasiliano, na si kinyume chake. Vifaa vya redio vya wakati wa vita vilikuwa na namba za ghala zinazoanza na ZA. Ukiona ZA na tarakimu zake kwenye turubai, umekaribia sana kitu cha redio, hata kama maneno mengine hayasomeki.

Dalili: kuna namba ndefu, hakuna jina

Ukikuta tarakimu zilizogawanywa kwa vistari, shukuru: ni namba ya ghala ya jeshi. Nne za kwanza zinataja aina ya kitu: 5820 ni redio, 5805 ni simu, 5965 ni hedifoni, maikrofoni na spika, 5985 ni antena. Na hizi zitakuokoa usilipe bure: 4240 ni kundi lenye barakoa za gesi, 6545 ni mikoba ya tiba, 1005 ni bunduki, 8465 ni vifaa vya askari mmoja mmoja, yaani mabegi ya kawaida.

Mbili zinazofuata ni nchi iliyoisajili: 99 Uingereza, 00 na 01 Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 15 Italia, 17 Uholanzi, 21 Kanada. Mabegi mengi ya kijani yanayotoka kwenye marobota ya mitumba pale Sabasaba yana 12 au 17. Hayo yamekuja juzi kwa meli. Si ya Keya wala si ya Kongwa, hata muuzaji aseme nini. Hayana ubaya wowote, ila bei yake iwe ya mtumba.

Hesabu tarakimu zote. Zikiwa 13, ni mfumo ambao Marekani ilihamia mwaka 1974. Zikiwa 11, na hakuna zile mbili za nchi, ni begi la Marekani la kabla ya hapo. Kanuni hii isiihukumu Uingereza: wao waliweka 99 mapema zaidi, hivyo begi lao lenye tarakimu 13 linaweza kuwa la miaka ya 1960.

Kabla ya namba hizo, Wamarekani wa Vita Kuu ya Pili walitumia herufi mbili. BG ni begi, CS kasha, ST mkanda, HS hedifoni, CD waya, BA betri. Chini yake husomeka SIGNAL CORPS na namba ya oda inayoishia na PHILA na tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano 43 au 44. Hiyo ni Philadelphia, kulikokuwa na bohari yao ya ununuzi. Baada ya vita majina yakawa marefu: CW-503/PRC-25 ni begi la vikorokoro vya redio ya AN/PRC-25, ile iliyobebwa mgongoni Vietnam, na ST-138/PR ni mikanda ya kuibebea. Katika PRC, P ni ya kubebwa na mtu, R ni redio, C ni mawasiliano. Ukishalijua hili, begi linajisoma lenyewe.

Dalili: maandishi yamefifia

Sababu ni tatu: jua, kufuliwa, na ile rangi ya unga ambayo askari wa Kiingereza walipaka mikanda yao kabla ya gwaride. Ya tatu ndiyo nafuu, maana rangi hiyo imefunika wino, haikuufuta.

Subiri jioni. Zima taa, washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa turubai karibu kulala kabisa, ili mwanga upite juu ya nyuzi kama jua la magharibi linavyopita juu ya matuta ya shamba. Mhuri uliogongwa kwa nguvu huacha bonde hata wino ukiisha. Piga picha kadhaa huku ukizungusha tochi, kisha kwenye simu ondoa rangi zote, ongeza utofauti wa weusi na weupe. Angalia pia mahali ambapo jua halikufika: chini ya mfuniko, nyuma ya bizimu, ndani ya mfuko wa antena, upande wa ndani wa mkanda. Mara nyingi mhuri wa pili umo humo, na haujaguswa tangu kiwandani.

Usiongezee wino kwa kalamu. Nimeona mabegi mazuri yameharibiwa hivyo na watu wenye nia njema kabisa.

Dalili: miaka miwili tofauti kwenye begi moja

Begi linasema 1943, mkanda unasema 1952. Wengi huona hilo na kudhani wameibiwa. Kwa kawaida hawajaibiwa. Bohari za jeshi zilitoa mkanda wowote uliokuwapo, na hapa kwetu kuna sababu yetu wenyewe.

Kuna njia nne ambazo vitu hivi vimetumia kufika katikati ya nchi. Ya kwanza ni Keya waliorudi kutoka vitani, wengine kutoka Burma. Ya pili ni mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Mradi ule uliendeshwa kwa mabaki ya vita. Vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick, na palipouzwa mabaki ya vita kwa jumla, turubai na mikanda havikukosekana. Ya tatu ni kambi za wapigania uhuru zilizowekwa Kongwa kuanzia 1964, za FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU, waliotumia zaidi vifaa vya Kisovieti na Kichina. Ya nne ni mitumba. Begi lililopita kwenye njia mbili kati ya hizo lina haki ya kuwa na miaka miwili.

Kwa hiyo ukikuta herufi za Kirusi na mwaka wa 1960 na kitu kwenye begi lililotoka kwa familia ya Kongwa, usiliweke kando kwa sababu si la Kiingereza. Kwangu hilo lina uzito kuliko begi safi la Kimarekani lililoagizwa kutoka nje. Wapiganaji waliolala Kongwa walikwenda kukomboa nchi zao, na vitu vyao vilivyobaki ni vichache.

Cha kuchunguza ni nani aliyeunganisha mkanda na begi. Mshono wa kiwandani una hatua sawa, na uzi wake umezeeka pamoja na turubai. Mshono wa fundi viatu wetu ni uzi wa nailoni unaong'aa, umepita mara mbili au tatu mahali pamoja. Matengenezo ya fundi si udanganyifu. Yaandike, yaache yalivyo.

Dalili: linaonekana jipya kupita kiasi

Hapa ndipo kwenye nakala. Mabegi ya kuiga hutengenezwa kwa ajili ya filamu na maigizo ya vita, kisha huuzwa tena yakiwa yamepakwa tope.

Fungua mfuniko. Turubai la kweli lililokaa miaka lina rangi mbili: iliyopigwa jua nje, na iliyofichwa chini. Pindua mkanda kwenye bizimu, utaona mstari uliokaa palepale muda mrefu. Begi lililochakazwa makusudi huwa limechakaa sawasawa kila mahali, hata pale ambapo mkono haufiki.

Angalia vifaa vya kufungia. Utepe wa kunata wa Velcro ulioshonwa na kiwanda hauwezi kuwa wa Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa haukuwa umefika sokoni. Bizimu ya plastiki inayobanwa pembeni ikafunguka ni ya mwisho wa miaka ya 1970 na kuendelea. Mkanda wa nailoni katika vifaa vya askari wa Marekani ulienea miaka ya 1970, na kabla ya hapo ilikuwa pamba. Ukiwa na shaka, toa uzi mmoja uliokwisha kukatika ndani ya mshono, uushike kwa kibanio mbali na begi, uuchome. Pamba huacha jivu kama la karatasi. Nailoni huyeyuka ikawa punje ngumu.

Kipimo kingine ni taa ya zambarau ya kukagulia noti, ambayo mawakala wengi wa fedha wanayo. Chini ya mwanga ule, nyuzi nyingi za kisasa hung'aa buluu nyeupe, na pamba ya zamani hubaki imefifia. Lakini subiri: sabuni za unga zina dawa ya kung'arisha, na begi la kweli lililofuliwa nazo litang'aa lote kama nakala. Langu la Msalato liling'aa. Ndiyo maana unapaswa kumulika ndani ya mshono uliokunjwa, mahali ambapo sabuni hufika kwa shida. Uzi wenyewe ukiwaka huko ndani kabisa, pale kuna jambo.

Dalili: unga mweupe, kutu ya kijani, kitu cheusi kinachobomoka

Kutu ya kijani kwenye shaba ni uzee wa kawaida. Ifute kwa kitambaa kikavu uishie hapo. Unga mweupe au doa lililokula turubai chini ya begi ni betri iliyovuja. Vaa glavu, usinuse, toa betri kama bado ipo, na usiitupe jikoni wala kwenye moto. Ila kumbuka kwamba doa hilo ni ushahidi: begi la risasi halina doa la betri. Lipige picha, pima umbali wake kutoka kwenye kona, ndipo ulipunguze makali yake kwa brashi kavu laini, ukiwa nje, mdomo na pua vimefunikwa.

Weusi unaobomoka ni utando wa mpira uliopakwa ndani ili kuzuia maji. Joto la hapa huumaliza. Hakuna dawa ya kuurudisha. Weka karatasi nyeupe ndani begi lisijikunje, basi.

Redio ikiwa ndani na ina sahani yenye namba za rangi ya maziwa au ya kahawia, usizikwangue. Rangi za kung'aa gizani za wakati wa vita zilikuwa na radiamu.

Kuhifadhi, Dodoma inatusaidia kwa ukavu wake kwa miezi mingi ya mwaka, ila mchwa hawana huruma. Usiegemeze begi ukutani wala usiliweke sakafuni. Ning'iniza kwenye waya, ndani ya mfuko wa kitambaa cha pamba, si wa plastiki.

Dalili: umekwama kabisa

Rudi kwa aliyekuuzia. Hatua hii wakusanyaji wengi huiruka, na mimi niliichelewesha miaka mitatu. Nilirudi Msalato, nikamkuta yule mzee amekaa palepale. Nikamwomba anieleze baba yake alilibebaje.

Hakusema neno kwanza. Alisimama, akapitisha mkanda begani, akalisogeza begi hadi kwenye nyonga ya kushoto, akafungua mfuniko kwa mkono mmoja, akaingiza mkono na kuutoa kama mtu anayeweka kitu masikioni. "Hivi. Vya masikio vilikaa huku, na kile cha kugongea tik-tik huku. Redio yenyewe alibeba mwenzake mgongoni."

Basi halikuwa begi la redio, lilikuwa la vifaa vya mwendeshaji: hedifoni na kibonyezo cha kupigia ishara za Morse. Usiku ule nikatoa begi, nikazima taa, nikalaza tochi juu ya kile kivuli chini ya mfuniko nikijua sasa natafuta neno gani. Picha ya tisa ndiyo iliyotoa herufi: CHELS, nafasi, SIG, na chini yake unyayo wa kuku usio na herufi pembeni, na tarakimu mbili za mwisho za mwaka, 42.

Nimeshona kipande cha kitambaa ndani ya mfuko wa nje, si kwenye begi lenyewe, nikaandika kwa penseli: limetumiwa na askari wa Keya, mtoto wake alibebea misumari, Msalato. Jina la marehemu nimeliandika pia, kwa ruhusa ya mwanawe.